Hesabu Sura ya Tano, Jinsi Ilivyosikika Ganze

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kibovu na aya chache za kitabu cha Kutoka. Ofisi yetu ya tafsiri wakati huo ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari na mabati mjini Kilifi. Bati lilipokatwa kule chini, sisi huku juu tulinyamaza, tukangoja mpaka wamalize, ndipo tuendelee na Neno la Mungu. Nilikuwa nimeajiriwa kupiga chapa. Mchungaji Kahindi, aliyekuwa mtafsiri mkuu, alinitazama kwa juu ya miwani yake akasema, "Kadzo, kabla hujagusa mashine, nisomee hii, kisha uniambie umesikia nini."

Nikasoma. Ilikuwa habari ya sanduku la agano, kwa Kigiriama chetu cha nyumbani. Nikamwambia nimesikia kwamba Musa ameagizwa aandae mazishi.

"Mazishi ya nani?"

"Haikusema, Mchungaji. Lakini yaonekana ni ya mtu mkubwa, maana sanduku lenyewe litapakwa dhahabu ndani na nje."

Hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu, akalikata lile neno, akakaa akiutazama ukurasa kama mtu aliyeibiwa. Kwetu, ukisema sanduku, watu wanauliza nani kafa. Yeye alikuwa amekaa na Kiebrania miaka mingi hata akasahau. Wiki ile ile kupiga chapa kulipewa mtu mwingine, nami nikawa msomaji wa majaribio. Kazi hiyo nimeifanya mpaka mwezi uliopita, nilipowaaga.

Ninyi mlioichukua mnaijua, lakini niieleze kwa ajili ya watakaokuja. Rasimu ya sura ikishatoka mezani, msomaji huipeleka vijijini na kuwasomea watu wa kawaida ambao hawajawahi kuisikia. Anasoma mara mbili, polepole. Kisha anauliza: Nani anasema hapa? Anamwambia nani? Kumetokea nini? Wewe ungemweleza jirani yako vipi? Majibu yanaandikwa kwenye daftari kama yalivyotoka kinywani, bila kupambwa. Vifaa vyangu vilikuwa daftari, kurasa zilizopigwa chapa kwa nafasi pana, kinasa sauti ambacho betri zake zilifanya kazi zikipenda, na viatu vya raba. Watakaowaambia kwamba kazi hii inataka elimu ya theolojia hawajatembea vijiji vya Ganze mwezi wa pili, jua linapounguza.

Na kulikuwa na sheria moja ya Mchungaji Kahindi, aliyoirudia kwangu mpaka nikaiota. "Usieleze. Msomaji wa majaribio hahubiri. Ukieleza, hutajua tena kama wameielewa tafsiri au wamekuelewa wewe." Alikuwa mtu mkali wa kazi, mwenye tabia ya kula mhogo wa kuchemsha juu ya karatasi za Yeremia na kisha kulaumu wengine kwa madoa. Lakini kwa jambo hilo hakuwa na mzaha. Alinifundisha kufunga mdomo, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa mzuri kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Tulipofika kitabu cha Hesabu nilikuwa nimeshapita umri wa miaka hamsini, na majaribio yangu yalikuwa yakiaminiwa. Sura ya tano ina sheria ambayo wahubiri wengi huiruka. Mume akimshuku mkewe kwamba amezini, na hana shahidi, ampeleke kwa kuhani. Kuhani atie vumbi la sakafu ya hema takatifu ndani ya maji, aandike maneno ya laana, ayaoshee maandishi hayo majini, kisha mwanamke anywe. Kama ana hatia, tumbo lake litavimba. Kama hana, atakuwa huru, naye atapata mtoto.

Shida yetu ilikuwa namna ya kuyaita maji hayo. Mimi ndiye niliyependekeza neno kiraho. Kwetu, mtu akishukiwa uchawi, wizi au uzinzi, hupelekwa kwa mganga akale kiraho: kipande cha papai kilichosemewa maneno, au aguswe na shoka lililotiwa motoni. Asiye na kosa, husemwa, hadhuriki. Mchungaji Kahindi alilikunjia uso neno hilo.

"Lina nguvu mno," akasema. "Litatufikisha tusikokusudia."

"Lakini wataelewa mara moja, Mchungaji. Hata mtoto ataelewa."

"Hilo ndilo linaloniogopesha."

Nikasisitiza. Nilimkumbusha habari ya sanduku, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema neno likae mahali watu walipo. Akakubali, si kwa kuridhika, ila kwa sababu nilikuwa sijawahi kukosea kwenye majaribio. Nayaandika haya ili msije mkamlaumu yeye.

Nililipeleka jaribio hilo kwenye kijiji kimoja mbele ya Ganze, mahali pa mahindi yanayokauka kabla ya kuzaa, na maji ya kunywa ya lambo moja ambalo ng'ombe nao hulitumia. Kanisa lilikuwa la udongo, na sakafu pia ya udongo. Mwinjilisti wa pale, mtu mpole aliyeitwa Charo, alinikusanyia wasikilizaji. Mmoja wao alikuwa Dama, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aliyemaliza darasa la nane na kusoma vizuri kuliko mwinjilisti. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na Dama alikuwa amejifunika leso mpaka viganjani. Nilimwona. Nikadhani ana homa, nikaendelea kutafuta kalamu yangu.

Nilisoma mara mbili. Tangu nianze kazi sikuwahi kupata kimya kama kile. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetoka nje. Nilipouliza maswali, majibu yalikuja moja kwa moja, bila kusitasita. Kisha Dama akainua mkono.

"Mama, nirudie pale mwisho mwisho. Pale asiye na kosa."

Nikamrudia: atakuwa huru, naye atapata mtoto.

"Na mpaka anywe, mume hamgusi? Hampigi?"

"Wewe umesikiaje?" nikauliza, kama nilivyofundishwa.

"Nimesikia kwamba ampeleke kwa kuhani. Haikusema ampige."

"Basi ndivyo ulivyosikia."

Akaniomba nimwachie ule ukurasa. Sheria yetu nyingine ilikuwa kutoacha rasimu vijijini, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza msikilizaji kuniomba ukurasa wa kitabu cha Hesabu, na moyo wangu ulijaa. Nikampa. Kwenye daftari nikaandika: Imeeleweka kabisa. Nikapigia mstari, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nilirudi kijijini baada ya wiki sita na sura za mbele. Charo alinilaki njiani, kabla sijashuka kwenye pikipiki.

"Shikamoo, mama. Neno limefanya kazi!"

"Marahaba. Neno gani?"

"Lile mlilotuletea. La kiraho cha Mungu."

Sikumwelewa. Akanishika mkono mpaka ndani ya kanisa, na pale ukutani, kwenye msumari, ulikuwa ukurasa wangu. Ulikuwa na alama za vidole vya mkaa. Akanieleza akiwa amesimama, na nilipoanza kuelewa niliketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Mumewe Dama, Baya, hufanya kazi kwenye mashamba ya katani kule Vipingo na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Walikuwa wameoana miaka mitatu bila mtoto, naye alimshuku mkewe na mtu anayechota maji kwa punda. Basi Jumapili moja, baada ya ibada, walifuata ukurasa hatua kwa hatua. Charo alikwangua vumbi la sakafu pale pale tulipokuwa tumekaa. Aliandika laana kwa mkaa juu ya ubao, neno kwa neno kama zilivyopigwa chapa ofisini kwetu, akaziosha kwa maji ya lambo. Dama akafunguliwa nywele. Wakasema Amina mara mbili, kwa sababu ukurasa ulisema mara mbili. Akapewa kopo, akanywa.

"Kisha?"

"Wiki mbili hazikwisha akaanza homa. Halafu tumbo likavimba, mama. Likavimba kama ilivyoandikwa!" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona maandiko yakitimia mikononi mwake, na ilimtisha vibaya sana.

"Yuko hai?"

"Walimpeleka hospitali Kilifi juzi. Babake alikuja kumchukua. Huku hakuna anayetaka kumgusa."

Niliung'oa ule ukurasa ukutani, ukachanika kwenye msumari, na nusu ikabaki. Njia nzima mpaka Kilifi nilikuwa nikiyarudia maneno niliyoyaandika, yale yenye mstari chini yake. Yalikuwa kweli. Walikuwa wameelewa kabisa.

Mchungaji Kahindi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akavua miwani, akaanza kuitafuta mezani, akiinua karatasi moja baada ya nyingine, na miwani yenyewe i mkononi mwake. Sikuweza kumwambia. Hakunilaumu kwa neno moja, na hilo lilinichoma kuliko lawama.

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, tulikwenda hospitalini. Muuguzi wa wodi ya wanawake alipotusikia tukitaja kijiji alishusha pumzi. "Nyinyi mmetoka huko? Ni homa ya matumbo. Nina wanne kutoka huko huko. Wanakunywa maji gani watu hawa?" Dama alikuwa amepasuliwa usiku uliotangulia, utumbo ulikuwa umetoboka, na ndiyo sababu ya tumbo kuvimba. Angechelewa siku moja zaidi, asingefika meza ya upasuaji.

Tukaingia. Dama alikuwa kitanda cha dirishani, amekonda, macho makubwa. Vitanda viwili kabla ya chake alilala mwanamke mzee, naye tumbo limemvimba chini ya shuka, na mwanamume amekaa ubavuni akimnywesha uji kwa kijiko. Mwanamume huyo alikuwa amempa Dama mgongo. Ndiye Baya. Alikuwa amekuja kumuuguza mamake.

Nilisimama katikati ya wodi nikashindwa kwenda mbele wala kurudi. Mchungaji Kahindi ndiye aliyesogea.

"Shikamoo, Mchungaji," Baya akasema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mgonjwa. Anaumwa nini mama?"

"Tumbo."

"Limevimba?"

"Ndiyo."

"Naye alinywa kiraho ile Jumapili?"

Baya akakiacha kijiko ndani ya bakuli. Ilionekana hakuwa ameliweka tumbo la mamake pamoja na la mkewe mpaka dakika ile, ingawa alikuwa amekaa kati ya vitanda hivyo viwili tangu asubuhi. Mamake akafumba macho.

Nikaenda kwa Dama. Nilipiga magoti kwenye saruji, mimi mtu mzima, nikamwambia ukurasa ule ulikuwa wangu na neno lile lilikuwa langu, na kwamba kama mumewe alimlazimisha kunywa basi na mimi nilikuwa nimelishika lile kopo.

"Hakunilazimisha," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wodi ilikuwa kimya. "Ni mimi niliyetaka."

Nilidhani ni homa inayosema.

"Alikuwa akinipiga kila akirudi kutoka Vipingo, mama. Kila mwezi. Mikono hii hukuiona? Wewe uliposoma, nikasikia kuna sheria inayomwondoa mtu huyu juu yangu. Inampeleka kwa kuhani. Na asiye na kosa anakuwa huru, na anapata mtoto. Nikamwonyesha ukurasa. Nikamwambia, tufanye hivi, mbele ya kanisa, kisha uniache. Nilikunywa kwa furaha. Nilimaliza kopo lote."

Watu wawili wa nyumba moja walisikia ukurasa ule ule. Mmoja alisikia ruhusa, mwingine alisikia mlango wa kutokea. Nami nilikuwa nimewaandika wote kwenye mstari mmoja.

"Nilikuuliza kama hampigi," Dama akaendelea. "Ukaniuliza nimesikiaje."

"Ndivyo kazi yetu ilivyo," nikasema, na nikaona aibu kabla sijafunga mdomo.

Kisha akauliza, "Ukurasa ule uliishia chini, sentensi haijaisha. Ile aya ya mwisho siikumbuki, yasemaje? Kama mume alimshuku bure, yeye anafanywa nini?"

Nilikuwa naijua. Nilitazama dirishani. Mchungaji Kahindi akasema, "Msomee, Kadzo." Sikuwa na rasimu, ikabidi niiseme kwa moyo: kwamba mwanamume hatakuwa na hatia, bali mwanamke atauchukua uovu wake.

Baya alikuwa amegeuka sasa, anasikiliza. Dama alimtazama mumewe, kisha akamtazama Mchungaji.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, katika sura hiyo," Mchungaji akajibu.

"Na wewe ni mchungaji wa Yesu. Yeye alisemaje?"

Mzee yule alikuwa amefundisha vyuoni, na nilimjua kwa maelezo marefu. Siku ile alisema kwa ufupi, akishikilia chuma cha kitanda. "Waliwahi kumletea mwanamke wa namna hiyo, wanaume wengi, na sheria mkononi. Na yeye aliinama mpaka kwenye vumbi, akaandika kwa kidole. Maandishi yalikuwepo, na vumbi lilikuwepo. Ambacho hakukifanya ni kumnywesha. Aliwaambia asiye na dhambi aanze. Wakatoka, mmoja mmoja, wakubwa kwanza. Mwanamke ndiye aliyebaki amesimama." Akakiachia chuma. "Na kile kikombe kichungu, alikuja kukinywa yeye mwenyewe, siku nyingine, msalabani, akiwa hana kosa. Mimi Mkristo nikisoma sura ile baada ya hapo, siruhusiwi tena kutafuta wa kumnywesha. Ilinipasa kuja kuwaambia hayo kabla, si leo. Nisamehe, binti yangu."

Hakuna aliyesema Amina. Baya aliinuka. Nilidhani anakuja kitandani kwa mkewe, na nadhani hata Dama alidhani hivyo, maana alishika shuka. Lakini alipita, macho chini, akatoka mlangoni. Mamake akamwita jina mara mbili. Hakurudi. Bakuli la uji lilibaki juu ya kiti, basi nikakaa nikamalizia kumnywesha yule mama, kijiko kwa kijiko, naye akilia bila sauti.

Mama huyo alipona. Dama alipona pia, ingawa polepole, akarudi kwa babake. Baya alikwenda kumtaka mara mbili, akiwa na wazee, na mara zote mbili Dama aliwajibu mwenyewe, kwamba hatarudi. Sasa yuko Malindi, anashona sare za shule, na hajaolewa tena, na watu wakimuuliza sababu huwaambia wampitishie uzi kwenye sindano.

Mchungaji Kahindi alikwenda kijijini kila Jumapili kwa mwezi mzima. Alikaa chini na Charo wakaisoma sura yote pamoja, kisha ile habari ya mwanamke na vumbi, mbele ya watu. Si wote walioridhika. Mzee mmoja alimwambia, "Mwatuletea kitabu, kisha mwasema tusikifuate." Alimjibu kwamba swali hilo ni zuri na kwamba yeye mwenyewe hajalimaliza. Watu wa afya nao walikuja na dawa ya maji, na hilo lilieleweka bila majaribio.

Ofisini tulibishana siku tatu. Kiraho kiliondolewa, tukaweka maneno ya kawaida, maji ya kiapo. Wengine walitaka sura yote ilainishwe, na Mchungaji Kahindi akakataa katakata. Alisema si kazi yetu kuyatia asali maneno ambayo Musa aliyaacha machungu. Lakini alinigeukia akasema, "Hapa tutaeleza. Andika tanbihi, Kadzo." Katika miaka yote ile, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa nieleze. Niliandika mistari minne, na ilinichukua wiki mbili. Inasema kwamba sheria hii ilikuwa ya hema lile na ya wakati ule, kwamba haimpi mume yeyote ruhusa ya kumnywesha au kumpiga mkewe, na inamtaja aliyekinywa kikombe.

Mchungaji Kahindi hakuiona ikichapishwa. Alizikwa miezi saba kabla shehena ya vitabu haijafika, na mnaweza kuona madoa ya mhogo kwenye nakala yake ya mwisho iliyo kabatini. Msiyafute.

Vitabu vilipofika nilichukua kimoja, nikampelekea Dama Malindi. Aliacha cherehani, akafuta mikono, akafungua Hesabu moja kwa moja bila kutafuta sana. Akaisoma sura. Kisha akakiinua kitabu karibu na uso, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma tanbihi yangu, midomo ikicheza. Nilingoja nikiwa nimeketi kwenye kiti cha wateja.

"Ni kweli haya," akasema. "Lakini mbona mmeyaandika kwa herufi ndogo hivi?"

"Tanbihi huandikwa hivyo, mwanangu. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo."

"Mtu anayepigwa, mama, akifungua hapa, ataanza na yale makubwa."

Nilirudi ofisini nikaandika ombi kwamba katika chapa ijayo mistari ile minne ipigwe kwa herufi sawa na za sura yenyewe. Nimeambiwa haifanyiki hivyo popote. Ombi liko kwenye droo ya kushoto, mimi nimestaafu, na chapa ijayo ni yenu.